Tarehe 26 Julai nayo isisahauliwe

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu siku za maadhimisho za mwezi Julai. Mmeieleza vyema Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7, lakini tarehe 26 mmeiruka. Hiyo ni siku ya kimataifa ya kuhifadhi mikoko, iliyoidhinishwa na UNESCO mwaka 2015. Chimbuko lake ni Muisne, nchini Ekuador, ambako mwaka 1998 wenyeji walibomoa bwawa la kufugia kamba lililochukua mahali pa mikoko, wakapanda miche upya.

Sisi wa Mombasa siku hii inatuhusu mno. Boriti zilizobeba dari za nyumba za Mji wa Kale ni za mikoko, na samaki wengi tunaowala hukulia kwenye mizizi yake. Juzi maji yalipokupwa nilishuka ufuoni Mikindani. Nilikuta visiki vilivyokatwa kwa panga, bado vibichi, ndani vyekundu. Na chupa za plastiki zimenasa katika mizizi ya mchu, mmojawapo wa mikoko, ile inayochomoza topeni kama vidole. Niliumia moyo.

Naiomba serikali ya kaunti iifanye tarehe 26 Julai kuwa siku ya kusafisha hori la Tudor, mkono wa bahari ulio hapa kwetu, na kupanda miche, pamoja na vikundi vya wenyeji. Wavuvi waulizwe kwanza kipi kipandwe wapi: mkoko uitwao mlilana hukaa mbele, baharini, na uitwao mkandaa nyuma, upande wa nchi kavu. Ukibadilisha, mche hufa.

Mkazi wa Mikindani,
Mombasa