Barua kwa Saumu kuhusu Safari ya Rukia

Bamburi, Mombasa
Jumapili, baada ya Isha

Shoga yangu mpenzi Saumu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana, na watu wa Majengo wote wanakuulizia. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na kwa hilo naomba uniwie radhi, lakini leo nina shauri lisilongoja, kwa sababu fomu za Rukia, yule binti wa hapa pwani apandaye farasi, zinatakiwa zifike kabla ya mwezi huu kwisha.

Ule mfuko niliokutajia umempitisha katika mchujo wa kwanza. Ni ufadhili wa miezi sita ya mafunzo ya kupanda farasi na kuruka vizuizi, na zizi lililokubali kumpokea liko huko huko Kildare, Ayalandi, si mbali na unakofanyia kazi, kama nilivyoona kwenye ramani. Furaha iliyoingia nyumba ile siwezi kukuandikia. Hata hivyo, baba yake aliponiletea barua nimsomee, aliisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, huko atapanda farasi, au atazoa samadi?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali lile halijanitoka.

Unajua lilikotoka. Yule kijana wa Kisauni alikwenda ng'ambo kwa ahadi kama hii, akakaa miezi 11 akifagia mabanda tangu alfajiri, na siku alizopanda farasi ni za kuhesabu kwa vidole. Hakuwa na karatasi yoyote iliyotaja saa za mafunzo, wala mwalimu wake ni nani, kwa hiyo alipolalamika hakuwa na pa kushika. Mimi siidharau kazi ya zizi. Baba yake Rukia ni saisi, mtunza farasi, na hiyo kazi ndiyo iliyomlea binti yake. Asiyejua kumtunza farasi hawezi kumpanda ipasavyo. Ninachokataa ni mtoto kuitwa mwanafunzi katika barua, na akifika akafanywa kibarua.

Jumamosi iliyopita nilikwenda pwani alfajiri kumtazama. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga ungali mgumu, na Rukia alikuwa juu ya yule farasi mwekundu ambaye mchana huwabeba wageni. Alianza naye taratibu, akamtia katika mbio za polepole, kisha akamwachia shoti kuelekea upande wa Shanzu. Mbele yao palikuwa na rundo la mwani lililoachwa na maji, na kipande cha gunia kimenasa juu yake kikipepea. Farasi alishtuka, akaruka kando hatua mbili nzima, nami nikashika kifua. Rukia hakuvuta hatamu. Alitulia juu ya tandiko, mikono chini, akamsemesha, akamzungusha mduara mmoja, wa pili, na katika wa tatu farasi akapita ubavuni mwa lile rundo bila hata kuligeuzia sikio. Aliposhuka, kabla ya kunipa mkono, aliinua kwato moja baada ya nyingine akizichokoa mchanga kwa kichuma chake, kisha akamwosha farasi miguu kwa maji matamu ya mtungi ili kumtoa chumvi. Saumu, hayo hakufundishwa na mtu mwenye cheti.

Sasa nikueleze kwa nini suala la farasi linanisumbua kuliko la nauli. Rukia hawezi kusafiri na farasi, hata kama angekuwa na wake mwenyewe. Kwetu kuna maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na visubi. Punda huyastahimili, na punda milia huyabeba bila kuonekana kuugua, lakini farasi asiyechanjwa akiyapata aghalabu hufa katika siku chache. Kwa hofu hiyo farasi wa Kenya hawaruhusiwi kuingia Ulaya moja kwa moja. Masharti ya namna hii hayachezewi: mwaka 1956, Olimpiki ilipokuwa Melbourne, Australia haikulegeza karantini yake kwa farasi wa kigeni, na mashindano ya farasi yakalazimika kufanyika Stockholm. Kwa hiyo mpandaji wa kwetu akifika huko hutegemea farasi wa watu. Akipewa, amejifunza, akinyimwa, amekwenda kutembea.

Na kupanda farasi wa kuazima ni elimu kamili. Katika Olimpiki ya Vijana ya Singapore mwaka 2010, farasi waliletwa kutoka Australia na wapandaji wakagawiwa kwa kura, ikiwemo timu ya bara letu. Rukia mpaka leo amekalia farasi watatu tu, na wote ni wazee wa pwani wenye subira. Akipewa farasi kumi tofauti katika miezi sita, mmoja mkali, mmoja mvivu, mmoja mwoga, atarudi mtu mwingine.

Ile taarifa ya Marekani uliyonitumia niliisoma mara mbili. Ruzuku ya Jacqueline B. Mars ni ya wapandaji wa kwao, kwa hiyo Rukia hana nafasi humo. Lakini nilijiuliza: ikiwa nchi yenye walimu na viwanja vyote vile bado inawalipia wapandaji wake waende ng'ambo kujifunza na kushindana, sisi tutasemaje kwamba pwani ya Bamburi inamtosha huyu? Nimetazama pia Mshikamano wa Olimpiki, ule mpango wa kamati ya kimataifa ya Olimpiki wa kuwasaidia wanamichezo, na mpango wa mshikamano wa FEI, lile shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lililoko Lausanne. Maombi ya yote miwili hupitia kamati ya taifa au shirikisho la taifa, na mtoto asiye na mashindano ya kutajwa hana wa kumsemea. Ndiyo maana mlango huu mmoja nauona mkubwa. Ana miaka 17, na daraja la vijana la FEI hukoma mwaka mtu anapotimiza 21.

Katika bajeti nimeandika nauli, viza, bima ya ajali, kofia ngumu, buti, malazi na ada za mashindano mawili madogo. Kisha nikaongeza kifungu ambacho mfuko haukukiuliza: kwamba zizi liandike na kutia sahihi saa za mafunzo kwa wiki, na farasi atakaopewa. Mwenzangu wa shuleni anasema nitawaudhi wafadhili. Mimi naona mfadhili mwema atashukuru.

Jambo moja lilimfurahisha sana baba yake. Nilimweleza kwamba huko Dublin, aghalabu mwezi wa Agosti, timu za mataifa hushindania kombe la Aga Khan, lililotolewa na Aga Khan wa tatu, Sultan Mohamed Shah, mwaka 1926. Jina analolijua kwa hospitali ya hapa Mombasa, kumbe huko ni la kombe la farasi! Tangu hapo hasemi tena "Ayalandi", husema "kule kwenye kombe".

Basi ombi langu ni hili: nenda kwenye zizi hilo kabla sijatuma fomu, na uende asubuhi na mapema bila kuwaarifu. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Je, wanafunzi waliopo utawakuta juu ya farasi au na mafagio? Wanalala wapi, na mlango wa chumba cha wasichana una kufuli? Mwalimu yuko kiwanjani mwenyewe, au ni jina tu kwenye karatasi? Kuna msikiti karibu, na je, atapata chakula anachoweza kula? Baridi ya mwezi wa kwanza inahitaji nguo gani, maana hapa hakuna atakayenijibu? Na wewe mwenyewe, zamu za usiku zimepungua? Kaka yako Omar alikuja kukuona kama alivyoahidi?

Nipigie siku hiyo hiyo ukitoka huko, hata ikiwa usiku. Nitakuwa macho.

Wako akupendaye,
Mwanaidi