Barua kwa Mwanangu Mwansa: Vidole Viwili Kwenye Klachi

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu Mwansa,

Picha tumeiona. Hukunitumia mimi, ulimtumia yaya yako, dada yako mkubwa, naye akaacha simu wazi juu ya meza kama mtu aliyesahau. Umekaa juu ya Yamaha RD350, kofia kwapani, unacheka. Mama yako alitazama meno. Mimi nilitazama mkono wa kushoto: vidole vyote vinne vimefumbata mpini, hata kimoja hakipo kwenye klachi. Ndiyo maana nakuandikia.

Najua klabu yenu huko Afrika Kusini inatimiza miaka 50, na wazee wametoa pikipiki zao za zamani ghalani ili zizungushwe kiwanjani kabla ya kila mbio. Mtoto wa Katuba hapa Lubumbashi kukabidhiwa pikipiki ya mzee wa watu si jambo dogo, na parokia nzima imekwisha kuambiwa, si na mimi. Lakini hiyo siyo Ninja yako ya kisasa. Ninja ina oili yake chini na ina kompyuta ya kupima hewa na kugawa esansi (petroli). RD ni pikipiki ya melanje, yaani oili inaungua pamoja na esansi, silinda mbili, sentimita za ujazo 347, inapozwa na upepo tu, na ilitengenezwa kati ya 1973 na 1975. Ndani yake hakuna kinachofikiri. Anayefikiri ni aliyekaa juu.

Mota ya melanje ikikamata, pistoni imenasa ndani ya silinda, gurudumu la nyuma linasimama palepale, nawe bado unakwenda. Dawa ni moja: vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilale juu ya mkono wa klachi tangu unapotoka hadi unaporudi. Si kwenye kona tu. Hata kwenye kipande kilichonyooka, na hapo hasa. Ukivuta klachi mara moja, gurudumu linaachiwa nawe unateleza kama baiskeli. Ya mjomba wako sitayarudia, ulikuwepo.

Kule kuzizungusha kabla ya mbio, waandaaji wanakuita mzunguko wa heshima. Mimi huo ndio naouogopa kuliko mbio zenyewe. Mtasimama dakika kumi mkingoja hotuba, mota zinaunguruma chinichini, buji za cheche zinalowa. Kisha mtatoka polepole, na mbele ya watu mzee mmoja atasikia ujana umemrudia, atafungua gesi yote, na wewe nakujua, hutakubali kuachwa. Hapo pistoni ya alumini inapata moto haraka na kuvimba, wakati silinda ya chuma bado ni baridi na haijapanuka. Nafasi kati yao ni kama sehemu tano za mia za milimita, yaani 0.05. Inaisha. Ukifungua mota iliyokamata hivyo utakuta michubuko sehemu nne kuzunguka pistoni. Ikiwa mchubuko uko upande wa ekzosi peke yake, ni esansi chache au joto kupita kiasi. Ikiwa kichwa cha pistoni kimetoboka, tafuta kosa kwenye muda wa cheche au buji. Kwa hiyo ipashe moto dakika tatu hadi tano, uguse mapezi ya silinda zote mbili, yawe ya moto sawasawa. Hotuba ikirefuka, zima. Kuwasha tena si aibu.

Sasa jikleri, kile kitundu cha kabureta kinachopima esansi, na hapa usinisomee harakaharaka. Yaya yako anasema mnaanza Zwartkops, halafu Killarney kule Cape Town, mnamalizia Kyalami. Zwartkops na Kyalami ziko juu, mita 1,400 na zaidi. Killarney iko karibu na bahari. Hewa ya chini ni nzito, kabureta inavuta hewa nyingi zaidi na jikleri ile ile haiongezi esansi ya kutosha. Mchanganyiko unakuwa mkavu, esansi chache kwa hewa nyingi, mota inachemka, inakamata. Ukishuka kutoka juu hadi usawa wa bahari, jikleri kuu iongezwe kama asilimia 7 au 8. Ikiwa Zwartkops ilikwenda vizuri na 140, Killarney anzia 150, hata 155, kisha ushuke taratibu. Mota yenye esansi nyingi inakohoa na kukunyima mwendo, basi. Mota kavu inaimba vizuri kuliko siku zote, inapanda juu nyepesi, unadhani fundi ni malaika, na dakika hiyo ndiyo ya kuvuta klachi. Ukisikia sauti imekuwa kali na nyembamba, au nguvu imelegea ghafla mwisho wa kipande kilichonyooka, usisubiri kuelewa.

Baridi nayo ni kama kushuka mlima. Asubuhi ya Julai huko kwenu ikiwa nyuzi 4 na mchana 21, tofauti hiyo inataka jikleri ibadilike kama asilimia 3. Wanaopima mchana kisha kukimbia asubuhi yake ndio unaowaona wanasukuma. Na usiniambie jikleri za papa zilifanya kazi miaka yote. Hapa Lubumbashi tuko kama mita 1,200, za hapa hazikufai juu wala chini.

Kupima ni hivi. Buji mpya, gia ya juu, gesi yote kwa kipande kirefu, kisha kata cheche na vuta klachi kwa wakati mmoja, ingia ukiteleza, fungua buji. Tazama shina la kauri, chini kabisa ndani, si ncha. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe ni kavu. Vidoadoa vinavyong'aa kama vumbi la sufuria ni pistoni inayeyuka: siku imeisha, pakia pikipiki. Esansi ya siku hizi isiyo na risasi inachelewa kutia rangi, kwa hiyo mzunguko mmoja hautoshi. Buji za kiwanda ni NGK B8HS. Kwa kiwanja weka B9HS. Kwa NGK namba ikipanda buji inakuwa ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume, na hapo watu wazima wameunguza pistoni.

Oili. Kama mzee ameing'oa pampu ya oili, jinsi wengi wa mashindano walivyofanya, basi kila tone la kulainisha linapitia kwenye esansi. Changanya moja kwa ishirini na tano: lita 5 za esansi, mililita 200 za oili. Pima kwa chombo chenye alama. Changanya kwenye bidoni, si ndani ya tangi, tikisa, na utikise tena kabla ya kumimina. Muulize mzee kama anatumia oili ya mbarika. Kama ndiyo, endelea na hiyo hiyo, usiichanganye na ya madini, hazipatani. Na usiongeze kifuniko kimoja "kwa afya ya mota". Oili ikizidi, mahali pake esansi imepungua, jikleri inapitisha oili badala ya chakula, mchanganyiko unakauka. Aliyekufundisha kile kifuniko cha ziada unamjua, na alikuwa amekosea.

Jambo lingine linatokana na hilo. Ukifunga gesi mota ikiwa inazunguka mbio, esansi haiji, na oili haiji nayo. Pistoni zinakwenda juu chini bila chochote. Kwa hiyo mwisho wa kipande kirefu usiache mota ikufungie breki kama unavyofanya na Ninja. Tumia breki yenyewe, na ukishusha gia fungua gesi kidogo kila mara ili silinda zinywe. Kyalami wana mteremko wanaouita Mineshaft. Sisi watu wa Katanga shimo la mgodi hatuhitaji kuelezwa: huko ndiko mtu anakoshuka gesi imefungwa. Vidole.

Ikikamata na umevuta, inaweza kuachia yenyewe baada ya sekunde chache, ukasikia inataka kuwaka. Usidanganyike, usirudishe klachi. Mkono wa kushoto unabaki umebana mpaka usimame. Kuwaonya wa nyuma inua mkono wa kulia au nyosha mguu, toka kwenye mstari wa mbio taratibu, usikate kiwanja.

Kuna swali moja la kumuuliza mzee, kwa adabu, ukiwa umempelekea kitu mkononi: spi za krankshafti, yale mapete ya mpira ya kuziba, zilibadilishwa lini? Spi ya zamani inakauka kama ngozi ya ngoma. Ya kushoto, nyuma ya alternata, ikichoka inavuta hewa, mchanganyiko unakauka, na hakuna jikleri itakayokuokoa. Ya kulia inavuta oili ya gia, utaona moshi mweupe na kiwango cha gia kinashuka. Akisema hakumbuki, pima. Ziba ekzosi na njia ya kabureta kwa mpira, jaza upepo kwa pampu ya baiskeli, silinda moja moja, hadi sindano ya kipimo cha presha cha hospitali ifike 260. Ngoja dakika sita. Ikishuka kidogo tu, sawa. Ikianguka, paka povu la sabuni: spi ya kushoto, chini ya silinda, mpira wa kabureta. Ya kulia imejificha nyuma ya klachi, povu lake litatoka kwenye bomba la kupumulia la gia. Mama yako anajua kwa nini kipimo chake kilinuka esansi mwaka mzima. Asichojua ni kwamba mara ile kipimo kilisema kweli, na hela ya spi mbili ikaenda kwenye mabati. Baridi ikija mjomba wako bado anachechemea.

Usinielewe vibaya, sikukatazi. Jon Ekerold wa huko Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa dunia wa 350 mwaka 1980 bila timu ya kiwanda, kwa mota ya Yamaha ya melanje. Lakini mwaka 1984 hapo hapo Kyalami, Freddie Spencer, bingwa wa dunia, alivunjikiwa gurudumu la nyuma la kaboni mazoezini, na Honda nzima ilikuwa nyuma yake. Nyuma yako kuna nani? Rafiki yako mwenye bisibisi na mimi niliye mbali.

Muda wa cheche upime kila silinda peke yake, milimita 2.0 kabla ya pistoni kufika juu. Usikisie kwa macho. Nakutumia komparateri yangu, ile saa ya kupimia milimita hizo, kwa basi, pamoja na jikleri sita, kila moja kwenye karatasi yenye namba. Mpakani Kasumbalesa watafungua mzigo, wasikutishe, waambie ni vya pikipiki. Ndani kuna samaki wa ziwa Moero wa kukauka. Wapangaji wenzako wakilalamika harufu, pika nje.

Hapa si mabaya. Mvua haijaanza, ila bati la jikoni lile la pembeni limeinuka, nataka kulipigilia kabla ya Oktoba kuisha. Umeme unakuja usiku wa manane, yaya yako anaamka kupiga pasi. Minerval (karo ya shule) ya mdogo wako tumelipa nusu. Ulizotuma zilifika, mama yako amenunua mifuko miwili ya unga wa bukari na hakuniambia iliyobaki iko wapi, nami sijauliza. Mwembe umeanza kutoa maua. Yule jirani wa ukuta ule ameurudisha mstari wake, tumeacha kugombana.

Siku ya mazoezi ya kwanza nataka picha nyingine, nitumie mimi mwenyewe, mkono wa kushoto uonekane.

Komparateri nimeifunga ndani ya kitenge. Kitenge ni cha mama yako, hajui kama nimekichukua. Kirudi na basi lile lile.

Papa yako