Kabla hujabadilisha ringi: maji ndani ya kompresa ya kujazia mitungi

Wateja wengi wanaotuletea kompresa za kujazia mitungi ya kuzamia huingia karakana na hukumu mkononi: "Fundi, ringi za pistoni zimekwisha." Mashine ilikuwa ikijaza mtungi kwa dakika 25, sasa inachukua 40. Au presha inapanda mpaka bar 150 halafu inagoma hapo hapo, injini inaunguruma tu. Kweli kuna siku ringi huwa zimekwisha. Lakini mara nyingi zaidi tunachokuta ndani ni maji na kutu iliyoletwa na maji, huku ringi zenyewe zikiwa bado zina umri. Na kubadilisha ringi ni kufungua kichwa chote, kuagiza spea kutoka nje na kukaa bila mashine katikati ya msimu wa wageni. Ndiyo maana tunaomba usome haya kwanza.

Tunazungumzia zile mashine ndogo za kubeba, za petroli au za umeme, zinazotoa kama lita 100 kwa dakika na kujaza hadi bar 200 au 300. Zimeenea pwani nzima, Nungwi, Pemba, Mafia mpaka Diani na Watamu. Ndugu zao hujaza mitungi ya zimamoto, na huko Ulaya na Marekani kuna vidogo zaidi vya kujazia bunduki za upepo. Ugonjwa ni ule ule, ila hivyo vidogo huugua mapema kwa sababu chujio lao ni dogo mno.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Yamo kwenye hewa unayovuta. Siku ya kawaida ya pwani, nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban gramu 24 za mvuke. Mtungi wa lita 12 ukijazwa mpaka bar 200 unameza lita 2,400 za hewa, yaani mita 2.4 za ujazo. Piga hesabu: karibu gramu 58 za maji kwa mtungi mmoja, kama robo glasi. Ukijaza mitungi kumi ya wageni wa asubuhi, zaidi ya nusu lita ya maji imepita ndani ya mashine yako. Hewa ikishindiliwa kisha ikapoa kwenye mabomba ya kupoozea, haiwezi tena kuubeba mvuke ule, kwa hiyo unageuka matone. Ndiyo kazi ya vile vikombe vya kutenga maji vilivyo baada ya hatua ya pili na ya mwisho ya kushindilia hewa (kila hatua ina silinda yake), vyenye koki chini yake.

Koki hizo ndizo tunazogombana nazo na wateja. Kitabu cha mashine nyingi kinasema zifunguliwe kila dakika 15. Kitabu hakikuandikwa Mafia. Kwetu huku tunashauri kila dakika 10, na wakati wa masika hata chini ya hapo. Kufungua kwenyewe kuna namna yake: zungusha polepole, acha maji yatoke, endelea kushika mpaka usikie hewa kavu inavuma bila kutema, ndipo ufunge. Geji itashuka kidogo, usiwe na wasiwasi. Kijana anayefungua kwa sekunde moja, akaona tone likatoka akafunga, hajamwaga kitu. Kinachotoka kikiwa cheupe kama tui ni sawa, ni maji yaliyochanganyika na mafuta kidogo ya silinda. Weupe huo ukiuona kwenye kioo cha mafuta ya krenki, hapo simamisha mashine: maji yameingia kwenye mafuta. Hutokea sana kwa mashine inayowashwa dakika tano kujazia mtungi mmoja kisha ikazimwa kabla haijapata moto wa kutosha kuuchoma mvuke.

Maji yasipomwagwa kikombe hujaa, na hewa huyabeba mbele. Yanapita kwenye silinda inayofuata, yanaosha mafuta ukutani mwake, yanashika kwenye vile visahani vyembamba vya valvu na kuvitia kutu. Kisahani cha valvu chenye kutu hakikai vizuri kwenye kiti chake. Hewa inarudi nyuma, na presha haipandi. Hapo ndipo mteja anaposema ringi.

Kuna njia rahisi ya kujua kabla ya kufungua chochote, na inatushangaza wachache wanaitumia. Kila hatua ina valvu yake ya usalama. Ikianza kupiga filimbi valvu ya hatua ya kwanza, watu wengi huona kwamba hiyo valvu ndiyo mbovu, wanainunua mpya, nayo inapiga vile vile. Inafanya kazi yake! Presha imezidi baina ya hatua ya kwanza na ya pili kwa sababu hatua ya pili haipokei, au inarudisha. Kwa hiyo tazama valvu za hatua inayofuata. Ikipiga ya hatua ya pili, mtuhumiwa yuko hatua ya tatu. Valvu ya usalama tunaishuku yenyewe pale tu tunapokuwa tumeipima na geji na kuona inafunguka chini ya presha yake. Na tafadhali, hata kama wageni wako jetini na nahodha anapiga honi, usiikaze wala kuiziba. Bar 200 hazina msamaha kwa mtu aliyeinama juu ya mashine.

Kama hakuna valvu inayopiga na bado presha inapanda kwa kusuasua, anza na vya bei ndogo. Koki zote zimefungwa? Chujio la kuvutia hewa limejaa vumbi la mchanga na manyoya? Belti inateleza? Ipake chaki mstari mmoja juu yake na juu ya puli, washa kidogo, zima, utaona kama imehama. Kisha povu la sabuni kwenye maungio yote, mashine ikiwa na presha lakini imezimwa. Ukiona mapovu, weka alama, shusha presha yote mpaka sifuri, ndipo ukaze. Kukaza nati yenye presha tumeshakataza na tutaendelea kukataza.

Kisa kingine kinachofanana: mashine imetoka kufanyiwa usafi, na sasa hewa inavuja kwenye tundu dogo pembeni ya nyumba ya chujio, wala haifiki popote. Baadhi ya mashine zimetengenezwa hivyo kwa makusudi. Katriji, yaani kopo la dawa za kuchujia linalokaa ndani ya nyumba hiyo, isipokuwemo, au oringi yake ikiwa imekatika, hewa hutokea pale ili usije ukajaza mtungi hewa isiyochujwa. Usiweke bolti kwenye hilo tundu. Weka katriji.

Katriji ndiyo sehemu inayoleta mabishano ya pesa, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ndani yake kuna chembe za kufyonza maji, makaa maalumu ya kuondoa harufu na mvuke wa mafuta, na kwa katriji za mashine za petroli kuna pia hopkaliti, kemikali inayogeuza kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini. Mteja husoma kwenye kitabu idadi ya saa, anahesabu, anatukuta tunamwambia imekwisha kabla ya hapo, anaona tunamuuzia tu. Idadi ile kwa kawaida imepigwa kwa chumba cha nyuzijoto 20, ambamo hewa hufika kwenye chujio ikiwa na kama 30. Hewa ya nyuzijoto 30 inayoingia kwenye chujio kwa bar 200 huwa bado imebeba kama gramu 0.15 za mvuke kwa kila mita ya ujazo uliyovuta. Ikiwa nyuzijoto 42, inabeba karibu 0.28. Na kwa kuwa hewa inatoka kwenye mashine ikiwa na joto la nyuzi kumi au zaidi kuliko chumba, banda la mabati la nyuzijoto 32 linakupeleka huko huko. Katriji inakunywa maji karibu maradufu, umri wake unabaki nusu. Huna haja ya kutuamini sisi: baadhi ya katriji huandikwa uzito zikiwa kavu na uzito zikiwa zimeshiba. Ipime kwenye mizani ya kidijitali ya dukani, utaona.

Kupanua dirisha la banda na kuweka mashine mahali upepo unapopita kunaongeza umri wa katriji kuliko ufundi wowote tunaokuuzia. Tunasema hivi huku tukijua kinatupunguzia mauzo.

Katriji iliyoshiba maji ina hatari isiyoonekana. Hopkaliti ikilowa haifanyi kazi tena, na makaa ya kawaida hayashiki kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni. Mzamiaji akiwa mita 30 chini presha ni mara nne ya ile ya juu ya maji, kwa hiyo hewa yenye sehemu 10 inamfanyia mwilini kama ambavyo sehemu 40 zingemfanyia akiwa ufukweni. Anayetumia mashine ya petroli aangalie mdomo wa bomba la kuvutia hewa uko wapi ukilinganisha na ekzosi. Na hapa pwani yetu ina mtego wake: bomba lililofungwa vizuri wakati wa kusi, mbali na moshi, linakuwa upande wa moshi kaskazi ikianza. Ligeuze pepo zinapogeuka. Boti jirani iliyotia nanga na injini ikiunguruma nayo inahesabika.

Kwa mashine za umeme wa fezi tatu, tatizo letu la mara kwa mara hutokana na jenereta. Umeme umekatika, wamehamisha waya, fezi zimebadilishana, mota inazunguka kinyume. Pistoni hazijali, hewa inaendelea kutoka, kwa hiyo hakuna anayegundua, lakini feni inapuliza vibaya na mashine inachemka. Kwenye nyumba ya feni kuna mshale. Uangalie kila mara waya zinapoguswa. Mashine za fezi moja zenyewe huumizwa na waya mrefu mwembamba wa kuunganishia: umeme unafika umechoka, mota inapata moto na kuzima.

Mafuta hatutayasema sana. Tumia ya kompresa za hewa ya kupumua, yale yaliyotajwa na mtengenezaji wa mashine yako, na usichanganye ya madini na ya sintetiki. Mafuta ya injini ya gari hayaingii humu hata kwa dharura, kwa sababu mvuke wake unaishia kwenye mapafu ya mtu, na kwa joto la hatua ya mwisho huacha kaboni kwenye valvu.

Lalamiko moja tunalolisikia upande wa pili, kutoka kwa wanaonunua hewa: "Mlinijazia 200, nimefika nyumbani nakuta 186." Mtungi uliojazwa haraka hupata moto. Ukitoka bar 200 ukiwa nyuzijoto 50 kisha ukapoa mpaka 28, geji itasoma karibu 186 bila hewa kuvuja hata kidogo. Ama ujazwe polepole, ama uongezwe ukishapoa. Kuupitisha juu ya presha iliyogongwa shingoni mwake ili "ukipoa utulie" hatufanyi.

Baada ya kazi ya siku, usifungulie kila kitu mpaka sifuri. Mwaga maji kwenye vikombe, lakini nyumba ya chujio iachiwe presha kiasi, bar 50 na kitu, ili unyevu usiingie kwenye katriji usiku. Na hoteli zinapofunga kwa masika, mashine isiachwe ilivyo. Iendeshe mpaka ipate moto vizuri, mwaga maji, badilisha mafuta yakiwa bado ya moto, ziba mdomo wa kuvutia hewa. Kama kuna mtu kwenye kituo, aiwashe dakika 15 kila wiki. Mashine nyingi tunazozipokea mwezi wa sita zimeharibika zikiwa zimekaa.

Ukiamua kutuletea, usiioshe kwanza wala usimwage mafuta yake. Rangi yake na kile kilichomo kwenye vikombe vinatueleza mengi. Leta daftari la saa ilizofanya kazi, katriji iliyokuwemo hata kama umeshaitoa, na utuambie ni valvu ipi iliyokuwa inapiga na geji ilikuwa inasoma ngapi. Mitungi ambayo muhuri wake unaonyesha imepita zaidi ya miaka mitano tangu ipimwe kwa presha ya maji hatutaijaza kuijaribia mashine, kwa hiyo njoo na uliopimwa.