Hita ya Maji Inaponguruma: Sauti za Kupuuza na Sauti za Kukufanya Uzime Stima

Baridi ya Juni ikiingia Nairobi, wateja hutupigia simu na swali lilelile: "Fundi, hita imeanza kunguruma, haitapasuka kweli?" Wapo waliokwisha kuizima na sasa wanawaogesha watoto kwa maji ya sufuria. Wapo walioisikiliza mwezi mzima wakidhani itanyamaza yenyewe. Tunaandika haya ili wa kwanza ajue sauti ambazo hazina neno, na wa pili ajue zile zinazomtaka azime stima leo.

Nyumba zetu nyingi hazina mitambo ya kupasha vyumba joto kama ilivyo Ulaya. Mitambo yetu ni ya maji ya kuoga na ya jikoni: tangi la stima darini au bafuni, tangi la jua juu ya paa, shawa ya papo hapo, na kwa nyumba za Limuru au Karen zenye nafasi, busta ya kuni nje ya jikoni. Ingawa mitambo hii inatofautiana, sauti zake zina vyanzo vichache tu. Maji yamechemka mahali yasipotakiwa kuchemka, hewa imeingia, paipu imetanuka, maji yaliyokuwa yakienda kasi yamezuiwa ghafla, au stima inapita mahali palipolegea.

Ukitupigia simu hatutaanza kwa kukuuliza inaliaje. Tutakuuliza inalia lini. Masikio ya watu hutofautiana, na mngurumo wa mmoja ni mvumo kwa mwenzake, lakini wakati haubishaniwi. Je, inalia ikiwa inapasha? Inalia ikiwa imezimwa na inapoa? Inalia ukifunga mfereji, au usiku wa manane wakati hakuna anayetumia maji? Ukiwa na jibu la hapo, fundi atakuja na vifaa vinavyofaa badala ya kuja kubahatisha.

Tuanze na mngurumo wa wakati wa kupasha, maana ndio unaotuita mara nyingi zaidi. Unawasha swichi, hita inakaa kimya kwa muda, kisha inaanza kutokota na kualika ndani kwa ndani, na kadiri maji yanavyopata moto ndivyo inavyozidi. Thamostati, kifaa kinachokata stima maji yakifikia joto lililowekwa, ikikata, inanyamaza. Huo karibu kila mara ni ukoko. Maji yanapopashwa huacha madini yake, hasa chokaa, kwenye sehemu yenye joto kuliko zote, ambayo ni koili. Ukoko huo una vitundu. Maji hupenya humo, hukutana na koili yenye joto kali na kugeuka mvuke papo hapo. Kiputo cha mvuke kikitoka na kugusa maji ambayo hayajapata moto sana, husinyaa kwa kishindo kidogo. Kishindo kimoja hukisikii, lakini vikiwa vingi mno ndani ya tangi la chuma vinafanya mngurumo. Halafu Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji ya hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hita inayolishwa na tangi la paani bila pampu, mchemko huo huanza mapema kidogo kuliko ungeanza Mombasa.

Kama unataka kujua iwapo hita yako ina ukoko, chungulia ndani ya birika lako la stima. Birika likiwa na tabaka jeupe gumu, hita nayo inalo, tena nene zaidi. Maji ya jiji yanayotoka bwawa la Ndakaini huja kutoka milima ya Aberdare na hayana madini mengi. Ya visima hutofautiana ploti kwa ploti, na wakazi wa Kitengela, Syokimau na Athi River wanayajua vizuri maji ya chumvi bila kuelezwa na fundi. Shida ni kwamba nyumba nyingi hunywesha tangi moja maji ya kila namna: leo ya mfereji, keshokutwa ya kisima, mgao ukichelewa ya lori. Kwa hiyo usiamini neno la keateka kwamba "hapa ni maji ya kanjo tu". Amini birika.

Tulifungua tangi moja Syokimau ambalo mwenyewe alikuwa amezoea kelele zake. Tulipofungua mfereji wa kutolea uchafu, maji yalitoka kidogo, yakakwama. Ilibidi tuchokoe kwa waya ndipo tope jeupe likaanza kushuka, likifuatwa na magamba bapa yaliyokuwa yakigonga ndoo. Koili yenyewe haikutaka kutoka kwenye tundu lake, kwa sababu ukoko ulikuwa umeifanya nene kuliko nafasi iliyoingilia. Tulipoubandua kidogo kidogo kwa mbao, tuliona chuma chake kimeungua rangi ya buluu na kupata ufa. Maji na stima vilikuwa vimebakiwa na muda mfupi sana kabla ya kukutana.

Hapo tuseme jambo ambalo mafundi wengine hulieleza vibaya ili wauze kazi. Utaambiwa ukoko unakula stima maradufu. Koili imezama ndani ya maji, na joto lake karibu lote huishia kwenye maji, likipenda lisipende. Hasara iko kwingine: koili hujipika yenyewe mpaka ikatike, na tope lililolala chini ya tangi huchukua nafasi ya maji, ndiyo maana mtu wa pili kuoga anakuta yamepoa. Kwa nyumba yenye maji ya chumvi tunashauri tangi lisafishwe kila mwaka, na fimbo ya magnesi iliyo ndani, ile inayoliwa na kutu ili tangi lisiliwe, ikaguliwe siku hiyohiyo. Nyumba ya maji laini inaweza kukaa miaka miwili au mitatu.

Usichanganye mngurumo huo na ule usiokoma. Tangi la lita 100 lenye koili ya kilowati 3 hufikisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60 kwa muda wa saa moja na dakika 40 hivi. Likiwa linaendelea kutokota kwa muda wa saa tatu na hujafungua hata mfereji mmoja, thamostati haikati. Ukifungua maji ya moto yakatoka yakitema mvuke, umekwisha kupata jibu. Zima stima kwenye swichi kubwa, ufunge mfereji, utoke bafuni, na uache kila kitu kipoe. Usiguse valvu yoyote.

Na hiyo valvu ndiyo inayotufanya tuandike kwa ukali kidogo. Pembeni mwa tangi la stima la presha kuna valvu ya usalama, ambayo wengi huiona tu inapodondosha maji au kutoa mlio wa "sss" hita ikiwa inapasha. Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita moja na nusu, na kama kuna valvu inayozuia maji yasirudi nyuma na hakuna tangi dogo la kupokea ongezeko hilo, lazima yatoke mahali. Kwa hiyo matone wakati wa kupasha ni valvu ikifanya kazi yake. Yakidondoka mchana kutwa hata hita ikiwa baridi, ama valvu imechoka ama presha ya pampu imepita kiasi, na hilo hurekebishwa.

Tumekuta valvu hizo zimezibwa. Tumekuta moja katika nyumba ya kupanga ambayo fundi fulani aliifunga kwa kifuniko cha paipu na utepe mweupe, kwa sababu mama mwenye nyumba alilalamika sakafu inalowa. Mama wa watu hakujua alichofanyiwa. Presha ikifika bar 3, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 140. Thamostati ikikwama na njia ya kutokea imezibwa, tangi hujaa maji yenye joto hilo, na siku chuma kinaposhindwa, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke wakati uleule, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Ukuta wa bafu hauwezi kuzuia hilo. Sakafu ikilowa, tuite tuvute paipu kutoka kwenye valvu hadi kwenye mkondo wa maji machafu. Ni kazi ndogo. Tafadhali usikubali mtu yeyote aizibe.

Sauti za kupuuza zipo pia. Ukisikia tik, tik, tik ukutani dakika chache baada ya kufungua maji ya moto, na tena yanapopoa, hiyo ni paipu ikitanuka na kusinyaa. Paipu za plastiki za PPR zinazotumika sana sasa hutanuka mno kuliko za shaba: mita tano za PPR ya kawaida, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka kwa sentimita tatu hivi, na hapo hukwaruza vishikio au simiti. Haina hatari. Ikikunyima usingizi, tunalegeza vishikio.

Kishindo cha "dum!" unapofunga mfereji, au mashine ya kufua inapokata maji, ni maji yaliyokuwa mbioni na kuzuiwa ghafla. Tangi la paani lililo mita tatu juu ya shawa hutoa bar 0.3 tu, na kwa presha hiyo husikii kitu. Ukiweka pampu ya kuongeza presha, kishindo kinaanza. Usikizoee, kwa maana hulegeza maungio taratibu. Na ikiwa pampu yenyewe inaamka na kulala usiku wakati wote mmelala, kuna maji yanayopotea mahali. Anza na choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake la nyuma, na ikionekana kwenye bakuli kabla hujavuta maji, umempata mwizi.

Kwa wenye mitambo ya jua, mvumo na mvuke kwenye paipu ya hewa saa saba mchana, hasa nyumba ikiwa haina watu, ni maji yamechemka kwa kutotumiwa. Katika mtambo usio wa presha, paipu hiyo iliwekwa kwa ajili hiyo. Ogopa kitu kingine: mgao umekatika siku kadhaa, tangi limekauka, mirija ya kioo imepigwa jua tupu, kisha maji yanarudi adhuhuri. Maji baridi yakigusa mirija hiyo, utasikia vioo vikialika kimoja baada ya kingine. Funga maji ya kwenda juu, uyafungulie alfajiri. Busta ya kuni nayo isiwashwe kabla ya kuhakikisha ina maji, na paipu yake ya hewa isiwekewe koki wala kifuniko kamwe, hata ikifoka namna gani.

Sauti ya kutatarika kutoka kwenye swichi ya hita au shawa ya papo hapo, hasa ikiwa na harufu ya plastiki au swichi ikiwa na joto, si ya fundi wa maji peke yake. Waya umelegea na unaungua. Shawa hizo huvuta kilowati 5 na zaidi, mzigo ambao kiungio kilicholegea hakiwezi kuubeba. Zima swichi kubwa ya nyumba na utafute fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Tukiwa na kazi hapo, tunakuja naye.

Kabla hatujafika, rekodi sauti kwa simu ukiwa karibu na hita, utaje ni wakati gani, na ututumie picha ya valvu ya usalama na ya kibandiko cha tangi. Mtuambie pia maji yenu ni ya jiji, ya kisima au ya lori. Kama ni kazi ya kufungua tangi, zima hita usiku uliotangulia, kwa sababu hatufungui tangi lenye maji ya moto, na mkiwa na watoto wawekeeni ndoo mbili za maji pembeni, kwani mifereji itafungwa muda wote tutakaokuwa kazini.