Kabla ya kununua kompyuta nyingine, futeni vumbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wa hapa Dodoma wanaocheza gemu kwenye kompyuta, na hasa na wazazi wao, ambao huombwa fedha za mashine mpya kila ya zamani inapoanza kukwama.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea kompyuta mpakato isiyotimiza hata miaka mitatu. Alisema gemu ya mpira inakwenda vizuri kwa dakika kumi hivi, kisha wachezaji wanaanza kurukaruka, na kwamba fundi mmoja wa mjini alikwisha kumwambia kuwa grafiki, yaani kifaa kinachochora picha za skrini, imekufa na hakuna dawa ila kununua nyingine. Dakika kumi hizo ndizo zilizonitia shaka, kwa kuwa kifaa kilichokufa hakingoji dakika kumi. Tulipofungua kifuniko cha chini tulikuta, kati ya feni na vibati vya kupozea, utando wa vumbi jekundu ulioshikamana kama kipande cha blanketi, nikaubandua kwa ncha ya mswaki ukatoka mzima. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapokaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo picha zinapokwama. Anayesafisha kwa blowa azime mashine, aishike feni kwa kidole isizunguke ovyo, na kama pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa imekauka, aibadilishe. Kwa vumbi hili letu la kiangazi, mara moja kwa mwaka si nyingi.

Baada ya vumbi ndipo ije mipangilio. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vidoa vya picha, zaidi ya milioni 2 za kuchorwa upya katika kila picha, na gemu ikishushwa hadi 1280 kwa 720 hubaki chini ya nusu yake. Vivuli navyo vipunguzwe mapema, maana vinakula nguvu nyingi, na sijaona bado mtu aliyefunga bao kwa sababu ya uzuri wa kivuli. Chaja iwe imechomekwa, kwani kompyuta mpakato nyingi hujibana zikiwa kwenye betri.

Linaloniudhi zaidi ni mashine kuuzwa zikiwa na kijiti kimoja tu cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, bila mnunuzi kuambiwa. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe, bali huazima RAM, na kijiti kimoja huifanya ipite njia moja pale ambapo viwili vingeifungulia mbili. Kwa mpwa wangu nafasi ya pili ilikuwa tupu. Tulipoweka kijiti cha gigabaiti 4 kinacholingana na kilichokuwamo, gemu ilitulia hata uwanja ulipojaa watazamaji. SSD, yaani diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili, ambayo wauzaji huisifia mno, huharakisha gemu kufunguka, lakini kwa kawaida haiongezi picha kwa sekunde.

Ningeomba wenye maduka waandike kwenye kibandiko cha bei, pamoja na ukubwa wa RAM, idadi ya vijiti na kama ipo nafasi iliyo wazi, na mafundi wafungue kifuniko mbele ya mteja kabla ya kutamka kwamba kifaa chake kimekufa.

Wako,
Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma