Kilo nane na robo

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Kulwa,

Mwangaluka. Huku hatujambo, mama anakusalimia na anauliza utarudi lini kuoa. Barua yako ya kuvua besi, hao samaki wenu wa bwawa la Lake Fork huko Texas, niliwasomea wote nyumbani, na mjomba alicheka mpaka akapaliwa. Eti rekodi ya jimbo zima la Texas ni besi wa ratili 18 na kidogo, aliyevuliwa humo mwaka 1992! Nimepiga hesabu: kilo nane na robo. Hapa kwenye soko la samaki la Mwaloni sangara wa kilo nane anapitishwa kwenye toroli na hakuna anayegeuza shingo. Akiachwa akue, anaweza kufika hata kilo 200.

Ila ile sheria yenu imenikaa kichwani: besi wa inchi 16 hadi 24 anarudishwa majini, na aliyezidi hapo unaruhusiwa mmoja tu kwa siku. Na kwamba watu wanalipia hoteli na boti, wapige picha, kisha wamwachie. Mjomba kasema hao wameshiba. Mimi nikaona bora nikajionee, na kwa kuwa nauli ya Texas sina, nikaenda Rubondo.

Kungojea kivuko Kigongo kumekwisha, tangu Juni 2025 tunapita darajani, kilomita tatu juu ya maji. Unashika njia ya Sengerema na Geita hadi Nkome, ndipo boti. Kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 1977, nyavu za biashara haziruhusiwi kwenye maji yake, kwa hiyo samaki wanazaliana na kukua. Anayetaka kuvua kwa fimbo analipia kibali.

Kulwa, sisi sangara tunamjua akishalala kwenye barafu. Kumwona mzima ni habari nyingine. Boti ilikuwa inajikokota kando ya miamba, chambo bandia kinaburutwa nyuma, mara fimbo ikapinda na mshipi ukaanza kuchomoka kwa kelele. Akaruka, nusu mwili nje, mdomo wazi, anatikisa kichwa ateme ndoano. Alipofikishwa ubavuni, miiba ya mgongo imesimama, lile jicho la dhahabu linawaka. Nahodha akamshika taya kwa mkono wenye glavu, akang'oa ndoano kwa koleo, akamshikilia majini taratibu mpaka akarudiwa na nguvu. Akamwachia. Mimi nilikuwa nimeshapiga bei kichwani: minofu, na zaidi bondo, lile pafu la hewa la tumboni, maana bondo kavu likienda China kilo moja inashinda kilo nyingi za nyama.

Nahodha akaniambia sangara wakubwa karibu wote ni majike, na mmoja hubeba mayai mamilioni. Hapo ndipo nikawaelewa watu wa Texas. Huku wimbo ni sentimita 50 tu, chini ya hapo una kesi, na ni sawa kabisa. Lakini mama mzaaji sokoni hana wa kumtetea, na kwa bei ile ya bondo, mvuvi mwenye deni la injini huwezi kumwambia amrudishe. Kwangu dawa ni kuongeza maji yasiyoguswa na nyavu, kama yale ya Rubondo, hata ghuba moja moja.

Najua utanichokoza kwamba sangara mwenyewe ni mgeni, kaletwa miaka ya 1950 na kuendelea, akawamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu. Kweli. Lakini ndiye anayelipa ada za watoto Kirumba hii.

Ukija Desemba niletee chambo bandia za kuzama, zile kubwa, na mshipi mnene. Huo wa besi acha hukohuko, huku utakatika. Mjomba naye anataka kwenda. Fimbo atashika, anasema, ila kazi ya kumwachia samaki tutaifanya wewe na mimi, yeye atatazama upande mwingine.

Wako,
Masalu