Barua kwa Mwanangu: Mlango Uko Wapi?

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sie huku hatujambo, alhamdulillahi. Mgongo wa mama yako umepoa, bibi yako bado anagombana na kuku wa jirani, na mvua imenyesha siku tatu mfululizo hata rangi haikauki. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa chini niandike. Ubao wa muuza sufuria uko sebuleni, umeegemea ukuta, na ile S ya kwanza niliyoipaka juzi bado inang'aa mbichi.

Uliponipigia simu Alhamisi sikukujibu vizuri. Ulisema, "Baba, nasoma mpaka saa nane za usiku, nikifunga daftari sikumbuki kitu." Nikakwambia omba dua, kisha uwahi kulala. Si jibu baya, ila si jibu la baba mwandika mabango, aliyelisha nyumba kwa brashi miaka yote hii. Nililopaswa kukwambia ni hili: chukua penseli uchore. Najua umeshacheka. Soma kwanza.

Unaukumbuka usiku ule umeme ulipokatika, uko kidato cha pili, na kesho yake una mtihani wa baiolojia? Ulikuwa unazunguka na chemli ukumbini, unaimba habari za moyo kwa Kiingereza, kwa kasi kama kondakta anayetaja vituo. Mimi sikuambulia kitu, nikakuomba unieleze kwa Kiswahili. Ukasema: damu inatoka mwilini, inaingia moyoni upande wa kulia, inatokea upande wa kushoto, inarudi mwilini. Moyo una vyumba vinne. Basi.

Nikachukua chaki yangu ya kupigia mistari, nikachora sakafuni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Nikakuuliza damu inaingilia wapi. Ukanionyesha chumba cha juu cha kulia, kisha ukanisahihisha: kulia kwa mwenye moyo, kwa hiyo ni kushoto kwangu mimi ninayemtazama. Vyema. Nikatoboa mlango. Kutoka hapo inakwenda wapi? Inashuka chumba cha chini. Nikatoboa mlango mwingine. Halafu? "Halafu inakwenda kushoto." Nikaivuta chaki kwenda kushoto kwa mwenye moyo, ikafika ukutani, ikasimama.

"Mlango uko wapi?"

Ukanyamaza. Ukapiga magoti, ukaitazama ile nyumba. Ukachora mlango katikati ya ukuta, ukaufuta kwa kiganja. Ukauchora tena juu kidogo, ukaufuta tena. Sakafu ikawa ukungu mtupu, na gauni lako la kulalia likawa jeupe magotini. Mwishowe ukasema, polepole, si kwa ile sauti ya kuimba: "Baba, hapa hapana mlango. Damu inatoka nje kabisa. Inapanda kwenye mapafu, halafu ndiyo inarudi, inaingilia chumba cha juu upande huu mwingine." Ukachora mapafu juu ya paa, kama maembe mawili, na mishale ya kwenda na kurudi. Asubuhi mama yako alipotaka kupiga deki, ulisimama mlangoni ukamkatalia.

Nimeufikiria usiku ule mara nyingi. Ulichokuwa unaimba hakikuwa na neno hata moja la uongo. Damu inaingia kulia, kweli, na inatokea kushoto, kweli. Ila mdomo uliuruka ukuta na wala haukujua kwamba umeruka, na chaki haina miguu ya kurukia.

Jaribu na baiskeli. Wewe ni mtoto wa Tanga, umekulia kwenye keria, na kuendesha umejua kabla hujajua kusoma. Chora baiskeli sasa hivi, bila kuchungulia dirishani. Fremu inashika wapi? Pedeli ziko wapi? Mnyororo unatoka wapi unakwenda wapi? Mwaka 2006 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, anaitwa Rebecca Lawson, alitoa matokeo ya kuwapima watu kwa jambo hilihili, na waliokosea walikuwa wengi, hata wenye baiskeli zao. Wapo waliouzungusha mnyororo kwenye magurudumu yote mawili. Baiskeli ya namna hiyo ukitaka kukata kona unaweza kumwachia Mungu tu. Nilipoisoma habari hii kwenye simu nikamjaribisha fundi baiskeli wa hapo njia panda: akachora sawasawa, hakusita. Nikamjaribisha mteja wake, mzee anayempelekea baiskeli ileile kila wiki. Akaweka pedeli kwenye tairi la mbele, kisha akanikasirikia mimi.

Utaniambia hujui kuchora. Hilo neno nalijua lilikotoka. Mimi mwenyewe nilichapwa viboko viwili kwa kuchora mashua nyuma ya daftari la hesabu, na tangu hapo darasani nikajua kwamba kuandika ni kazi na kuchora ni utoro. Ninyi nanyi mmefunzwa vivyo hivyo, bila viboko pengine. Lakini sikutumi ukachore picha ya kutundika ukutani. Duara, mraba, mshale, na mtu wa vijiti mwenye kichwa kama chungwa, hivyo tu vinatosha. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha Waterloo, waliwapa watu maneno, wengine wayaandike na kuyarudia, wengine wayachore, kila neno sekunde 40 tu. Waliochora ndio waliokumbuka mengi zaidi, na uzuri wa mchoro haukuwa na uzito wowote. Na kama unataka mfano wa nyumbani, Edward Saidi Tingatinga alikuja kutoka kusini akafanya kibarua cha mkonge huku kwetu Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam, ndiko alikoanza kuchora wanyama wake kwenye vipande vya ubao kwa rangi za kupakia baiskeli. Hakusomea sanaa popote. (Baiskeli tena, unaona. Mji huu hauziepuki.)

Sasa nikwambie la herufi, maana hapo ndipo penye kazi yangu, na penye aibu yangu pia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa mashua kule Sahare niiandike SUBIRA YAVUTA HERI ubavu huu na ubavu huu. Nilikuwa kijana, mkono umechangamka, nikaona kuchora mistari kwa penseli ni kupoteza muda. Nikaanza ubavu wa kushoto, kutoka omo kwenda nyuma, nafasi tele, yakatoka maandishi ya kupendeza. Nikahamia wa kulia. Huko unaanzia nyuma unakuja omo, na omo ndiko mbao zinakojikunja na kuisha. Nikaandika SUBIRA, nikaandika YAVUTA, nikanyanyua kichwa kutafuta pa kuweka HERI, nikaona imebaki nafasi ya herufi mbili. SUBIRA YAVUTA HE. Mwenye mashua alizunguka, akasoma, akasoma tena, akaniuliza, "He nini?" Alinilipa nusu. Ile mashua iliitwa Yavuta He mpaka ilipooza, na wapo Sahare wanaoniita hivyo hadi leo, ndiyo siku ile uliposikia ukadhani wananitukana.

Siku hizi kabla sijafungua kopo nakaa na karatasi. Nahesabu. SUBIRA sita, nafasi moja, YAVUTA sita, nafasi moja, HERI nne: jumla 18. Katikati ni baada ya ya tisa, yaani kati ya A na V. I ni nyembamba, haili nafasi nzima, lakini ziko mbili, moja kila upande, zinasawazishana. Nikifika YAVUTA naongeza umakini, maana neno hilo limeumbwa kumtesa mwandika mabango: Y na A, A na V, T na A, kila jozi inaacha shimo. Ukizipanga kwa rula, kila herufi kwa umbali uleule, utapata neno lenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Inabidi uzisogeze kwa jicho, uzibane, uache rula iseme itakavyo. Mwanafunzi wangu wa sasa hupaka herufi vizuri kunishinda, lakini bado hajaiona nafasi. Anadhani ni mahali ambapo hakuna kitu.

Na kuna jambo jingine ambalo herufi kubwa inafundisha, nalo ni ubahili. Muuza sufuria alikuja na maneno yake kwenye karatasi: "Hapa tunauza na tunatengeneza sufuria za aina zote kwa bei nafuu karibuni wateja wote." Nikamwambia mimi nalipwa kwa herufi. Akakaa kwenye benchi, akaichukua kalamu yangu, akaanza kukata. "Hapa" ikaondoka, maana ubao ndio uko hapa. "Bei nafuu" ikaondoka, kila mtu anasema hivyo. Baada ya nusu saa na chai mbili akabaki na SUFURIA MPYA NA KUZIBA. Akaniambia jambo la ajabu: kwamba hakuwahi kufikiri kuwa kuziba ndiyo biashara yake, alidhani ni kazi ya pembeni, na kumbe ndiyo inayomleta mteja. Ubao haujakauka na mtu ameshaijua biashara yake.

Basi ukitaka namna ya kupanga ukurasa, tazama kanga za mama yako kwenye kamba. Kuna pindo kuzunguka pande zote, kuna mji katikati, na chini ya mji kuna jina, mstari mmoja. Kanga haina aya. Wanawake wa pwani wamesemana, wamependana na wameachana kwa mstari mmoja zaidi ya miaka mia, na aliyelengwa hajawahi kuuliza maana yake nini. Fanya hivyo na kila somo. Soma, funga kitabu, chukua karatasi isiyo na mistari. Mjini weka mchoro wako: kitu chenyewe, au njia yake, nini kinatoka wapi kinakwenda wapi. Chini andika jina kwa herufi kubwa, polepole, ukilipia kila herufi. Vipimo, majina magumu, vighairi, vyote vitupe kwenye pindo. Usifungue kitabu mpaka penseli isimame. Ikisimama, fungua pale tu iliposimama, usirudie sura nzima. Hizo saa nane za usiku unazitumia kusoma tena unayoyajua.

Usichore kwa rangi nyingi, nawaona vijana wanapaka daftari nzima kama keki ya harusi. Penseli inatosha, na rangi moja ya kushikia jambo moja.

Wewe mwenyewe likizo iliyopita ulinisimulia habari ya yule daktari, John Snow, na kipindupindu cha London mwaka 1854: alivyoweka kistari kwenye ramani kwa kila aliyekufa, nyumba kwa nyumba, na vistari vikarundikana kuizunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Ulisema alikuwa ameshayashuku maji kabla ya ramani, na mkono wa pampu ulishang'olewa, lakini ramani ndiyo inayowafanya wengine waone. Mimi kilichonikaa si vistari. Ni kile kiwanda cha bia kilichokuwa mtaa uleule, wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa, kwa kuwa walikuwa wakinywa bia yao na kiwanda kina kisima chake. Kwenye ramani pale pametulia, peupe, katikati ya vifo. (Mama yako aliposikia alisema afadhali ungetuletea habari nyingine.) Ungekuwa umemsomea mtu orodha ya majina ya waliokufa, hata ingekuwa ndefu vipi, hapo peupe pasingeonekana.

Mfuko nimeukabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi, kaufuate stendi, usisubiri upigiwe simu. Mna machungwa ya Muheza, visheti vya bibi yako, penseli mbili za 2B, kichongeo, na karatasi tupu. Chaki nimeweka vipande vitatu, sakafu ya bweni lenu naijua, ni saruji kama yetu. Karatasi ya juu kabisa imekunjwa: usiikunjue mpaka uwe umechora baiskeli yako. Ndani nimeichora Phoenix ya marehemu babu yako, na mnyororo wake pale unapopita. Tulinganishe kwa simu.

Kanga uliyoomba haimo, utaisubiri. Mama yako alikuwa ameshaikunja, akapita nayo sebuleni karibu na ubao wa sufuria, na ile S ambayo siku tatu imekataa kukauka imejichapa kwenye mji, kubwa, nyekundu, imegeuka kinyume. Ameiloweka kwenye mafuta ya taa tangu adhuhuri, na mimi tangu adhuhuri sijasemeshwa.

Wako,
Baba